Miaka Inayorukwa Kwenye Riwaya za Kutia Moyo

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na muda wangu wa kusoma unaamuliwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukishakuwa mpevu, taa hazifui dafu tena, mitumbwi inapumzika ufukweni, wachuuzi wanapungua na floti yangu, yaani pesa ya kuzungushia kazi, inalala. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku zangu za riwaya. Giza likirudi kitabu kinaingia chini ya meza, maana kuanzia alfajiri kuna wanunuzi, wengine wametoka Kongo na Burundi, na macho yote yanatakiwa kwenye meseji na kwenye noti.

Nimeanza na hilo ili ieleweke nasoma kama nani. Sijasomea fasihi. Shuleni riwaya tulizisoma kwa ajili ya mtihani: taja wahusika, eleza dhamira, jadili matumizi ya lugha, kalamu chini. Kusoma kwa sababu nataka kujua itakuwaje nilianza nikiwa mtu mzima, kibandani, kati ya mteja na mteja. Kitabu kinachovumilia kukatizwa na mtu anayetaka kutoa elfu kumi, kisha kikanirudisha ndani palepale nilipokiacha, nakiheshimu kuliko kitabu chenye sifa nyingi mgongoni.

Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu kuhusu riwaya za siku hizi zinazouzwa kwa jina la kutia moyo. Nyingi zinaruka miaka. Mhusika analia hadi mwisho wa sura, ametupwa, hana hata nauli. Unafunua ukurasa, unakuta imeandikwa "miaka mitano baadaye", na yeye ana kampuni, ana nyumba ya ghorofa, ana mume anayemfungulia mlango wa gari. Miaka mitano ile iliyorukwa ndiyo niliyoifuata mimi dukani. Nilitaka kujua alikula nini, alilala wapi, alimjibu nini mtu aliyemcheka kisimani, aliamkaje siku ambayo hakuwa na sababu ya kuamka. Mwandishi amenipa machozi, amenipa na sherehe, na katikati ameniacha peke yangu.

Nilianza kuliona hili kwa sababu ya maisha yangu. Mimi na mume wangu hatujapata mtoto. Miaka ya kwanza ya ndoa hakuna aliyesema neno. Baadaye maneno yakaanza kuja yakiwa yamefunikwa, kisha yakaja wazi. Wifi yangu mmoja alikuwa na tabia ya kuniuliza hali ya tumbo mbele ya wageni. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi hadi leo ni Dada Wakala. Marafiki walionipenda waliniletea vitabu. Mmoja wa kanisani alileta riwaya, mwingine akaleta nyingine, na nawashukuru kwa dhati, maana mtu anayekupa kitabu anakuwa amekaa na kukufikiria.

Riwaya zile zilikuwa ndugu wa damu. Mwanamke hazai, anafukuzwa na mama mkwe, anapanda basi kwenda Dar es Salaam na begi moja, anakutana na mwanaume tajiri mwenye huruma aliyefiwa na mke, anajifungua mapacha, na siku ya ubatizo mama mkwe wa zamani anakuja amechakaa kuomba msamaha. Ya kwanza niliimaliza usiku mmoja, nikalia hadi nikapata usingizi mzuri. Asubuhi ndoo ilikuwa ileile na wifi alikuwa yuleyule. Ya pili ikanifanyia vilevile. Kufika ya tatu nikaona zinanifundisha kitu ambacho sikukiomba: kuisubiri siku ya kuwaaibisha watu. Nikikaa kibandani bila mteja nilikuwa naipanga ile siku kichwani, nani atakuja kwanza, nitavaa nini, nitamwacha amesimama kwa muda gani kabla ya kumkaribisha kiti. Ilikuwa inanila. Kitabu kinachoitwa cha kutia moyo kilikuwa kinanilisha kinyongo, na kinyongo kina ladha tamu kama huna kingine mdomoni.

Aliyenitoa huko ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Ukerewe, anayekuja kwangu kila mwezi kutoa sehemu ya pensheni yake. Alikuwa ameona vitabu vyangu mezani. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, huyo mama mkwe bado anaomba msamaha tu?" Mwezi uliofuata akaja na kitabu kizee kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa cha Aniceti Kitereza, kile chenye jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Nianze na kitabu chenyewe kilivyofika duniani, kwa sababu huo peke yake ni mkasa. Kitereza alikuwa Mkerewe, mtu wa kisiwani pale Ukerewe, na alikiandika kwa Kikerewe. Alimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekichapa. Mwishowe akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980, mabuku mawili, chini ya Tanzania Publishing House. Mwaka 1981 akafariki. Kati ya 1945 na 1980 ni miaka 35. Kila nikikutana na mtu anayetaka habari ya uvumilivu namwelekeza kwenye hiyo miaka, maana hapo hakuna ukurasa wa kufunua haraka. Mzee aliamka kila siku ya miaka hiyo akiwa na kitabu kilichokamilika na kisichosomwa.

Ndani yake kuna mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke vibaya, wazazi wake wanapata habari, wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Kwa riwaya nilizozizoea, hapo ndipo basi la Dar lingepiga honi. Kitereza hafanyi hivyo. Anambakisha Myombekere nyumbani na upweke wake, jiko limepoa, kisha anamsimamisha na kumpeleka ukweni kuomba mke wake. Anaenda, anarudi, anatozwa pombe ya ndizi kama fidia, na kuipata hiyo pombe ni kazi ya watu na siku nyingi. Mwandishi hakuachii. Utaziona ndizi zikiivishwa, utajua nani kakamua, utajua walisalimianaje, nani alikaa wapi, walikula nini. Mwanzoni nilichoka. Nilisema huyu mzee kwa nini ananieleza jinsi ya kumpokea mgeni wakati mimi nataka kujua kama watazaa?

Nikaja kuelewa kwamba ile ndiyo miaka iliyorukwa kwenye vitabu vyangu vingine. Ipo yote. Watu wasio na mtoto wanalima, wanavua, wanakaribisha wageni, wanagombana na kupatana, wanatafuta dawa, wanacheka. Maisha yao hayajasimama kando ya barabara kusubiri mtoto apite. Hakuna riwaya nyingine iliyowahi kunionyesha nyumba kama yangu ikiwa nyumba kamili.

Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi na si msomaji. Jioni umeme ukikatika nilikuwa namsomea kwa tochi ya simu. Alipendezwa na mambo ya uvuvi, akawa ananisahihisha, huku kwetu tunafanya hivi, wao walifanya vile. Tulipofika pale Myombekere anapokwenda ukweni akanyamaza. Nilipotaka kufunga kitabu akasema, "Endelea kidogo." Siku chache baadaye alikwenda kwa dada yake. Walichoongea sikukiuliza na hakuniambia. Maneno hayakuisha, nisiseme uongo, ila yale ya mbele za watu yalipungua, na mimi nikajua kwamba sijaachwa kuyabeba peke yangu. Nilikuwa nimepata kitu ambacho hakikumhitaji wifi apige magoti.

Katika kitabu, Bugonoka anazaa. Majina ya watoto yako kwenye jalada kabisa. Mimi sijazaa. Watu wameniuliza kama sikuumia pale, na jibu langu ni kwamba nilifurahi naye jinsi unavyofurahi na jirani uliyelima naye. Kufikia hapo kitabu kilishanipa changu. Wakati ule wa riwaya za mapacha, kuzaa ndiko kulikokuwa thamani yote ya mwanamke. Kabla ya mapacha yeye ni wa kuhurumiwa, baada ya mapacha ni wa kuonewa wivu. Kwa Kitereza, Bugonoka ni mtu tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kuchagua. Naangalia katikati. Nikiwa kwa muuza vitabu anayetandika turubai mjini, sisomi mwanzo wala mgongo wa kitabu. Nafungua kwenye kurasa za katikati, nasoma mbili tatu nikiwa nimesimama. Kama kuna mtu anafanya kazi, anapika, anadaiwa, anasubiri, nanunua. Kama wote wanalia au wote wanahubiriana, nakirudisha. Mahubiri hasa yananichosha. Kuna riwaya ambazo kila mzee ndani yake, hata mlinzi wa geti, ana hotuba ya aya tatu kuhusu kutokata tamaa. Wazee ninaowajua mimi wakikuona umekata tamaa wanakuuliza kama umekula.

Kuna kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu ambaye hakubaliani nami. Yeye anavipenda vitabu vya hamasa, vya kutafsiriwa na vya hapa nyumbani. Aliacha shule kidato cha tatu. Kitabu kimoja cha namna hiyo, nacho kilikuwa na ghorofa na gari na kila kitu, ndicho kilichomfanya ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, asome usiku baada ya kupaki pikipiki, afanye mtihani, na akafaulu masomo aliyoyataka. "Dada," aliniambia, "kama kile kitabu kingenieleza ukweli wote wa ile kazi, nisingeanza." Nimelifikiria sana neno lake na sina namna ya kulikataa. Kuna mtu aliyelala anayehitaji kuamshwa, na wa kuamsha huwa hakai kueleza. Ninachomjibu ni kwamba yeye alipoamka aliweza kwenda mahali, kulikuwa na mtihani, tarehe, ada ya kulipa. Shida yangu haikuwa na dirisha la kulipia. Mtu wa namna yangu akiamshwa kila siku kwa kelele, anachoka tu. Anataka kitabu cha kukaa naye.

Ndiyo maana nasema, na wengine hunishangaa, kwamba moja ya riwaya zilizonipa nguvu zaidi ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ambayo mwisho wake ni msiba. Kezilahabi naye alikuwa mtoto wa Ukerewe. Kitabu kilitoka mwaka 1971 na kilipata kupigwa marufuku shuleni. Bibi yangu mwalimu anakumbuka kilivyokuwa kikisomwa kwa kuficha. Zakaria, baba mlevi, anamlea Rosa kwa kumbana na kumpiga, haruhusiwi hata barua ya mvulana, na anapotoka nje ya mkono wa baba hana alichofundishwa zaidi ya woga. Nilikisoma huku nikiwaona kina Zakaria wakipita mbele ya kibanda changu wakitoka kilabuni. Nawaona na mabinti pia, wanaokuja kutoa pesa ndogo zilizotumwa na namba wasiyotaka niitazame. Kwa nini kinitie nguvu? Kwa sababu hakunidanganya kuhusu chochote. Kezilahabi alidhani mimi msomaji ninaweza kuambiwa, na mtu akikuchukulia hivyo unasimama wima kidogo. Hata hivyo sikigawi ovyo. Binti aliyezama kwenye huzuni yake sitampa Rosa Mistika. Nitafunga kibanda, nitakaa naye, nitamtafutia mtu wa kumsikiliza. Vitabu vina zamu yake.

Na hizi riwaya mpya kabisa, zinazoingia kwa simu? Nazisoma. Huku kwetu sasa waandishi wengi wanauza kwa WhatsApp: sehemu za kwanza bure, halafu unalipia kidogo, unaingizwa kwenye kundi, kila jioni inashuka sehemu moja. Wateja wangu kadhaa wanakuja kulipia kwangu na tunasimuliana palepale. Lugha yake iko hai, watu wanaongea kama watu. Kuna wanawake wanaoandika humo ambao wangefika mbali kama wangepata mhariri mmoja mkali. Tatizo ni kwamba mwandishi analishwa na "itaendelea", basi kila jioni lazima mtu atekwe, apigwe risasi au agundue kwamba baba si baba yake. Siku ya kawaida haina nafasi, na bila siku ya kawaida sijui huyo mtu ni nani hata nimlilie akitekwa.

Halafu wote wanahamia Dar. Nalisema hili kwa uchungu wa mtu wa Mwanza. Ziwa likitajwa, ni kwa ajili ya uchawi au mtu kuzama. Nani ataandika riwaya ya wanawake wanaoanika dagaa hapa Mwaloni, wanaotazama wingu kwa hofu kwa sababu mvua ya saa moja inaondoka na mtaji? Nani ataandika ule mstari wa magari na mabasi yaliyokuwa yakisubiri kivuko pale Kigongo kwenda Busisi, watu wakianzisha urafiki na biashara na hata ndoa wakisubiri zamu? Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kama kilomita tatu juu ya maji, unavuka kwa dakika chache, na nimefurahi kama kila mtu aliyewahi kusafiri na mgonjwa akiisubiri feri. Lakini ule mstari sasa umeondoka na hadithi zake, na asipotokea wa kuziandika mapema, watoto hawataamini. Nani ataandika nyumba zilizobaki baada ya meli ya Mv Bukoba kuzama mwaka 1996? Sisemi ajali yenyewe. Nasema wajane na mayatima walivyoishi mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Riwaya ya kutia moyo ya namna hiyo ningeilipia bei yoyote.

Mtu asidhani nataka vitabu vya wakerewe na wasukuma tu. Takadini ya Ben Hanson inatokea kijijini Zimbabwe, na wengi wetu tuliikuta shuleni. Sekai, mama aliyekaa miaka bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino, na kwa kuwa desturi ya pale haimtaki mtoto huyo aishi, anamfunga mgongoni na kukimbia naye. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tuliopita kwenye ile miaka mibaya ya mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia karibu 2007, hatuwezi kuisoma kama habari ya mbali. Na kile ninachokitafuta kimo: mama anatembea, anachoka, anafika kijiji cha watu, mzee Chivero anampokea, na kupokelewa kwenyewe hakumalizi shida. Wanakijiji wananong'ona. Mtoto anakua taratibu, siku hata siku, machoni pa watu wanaomwogopa.

Wiki iliyopita, ilikuwa mbalamwezi, yule kijana wa bodaboda alinirudishia Rosa Mistika amekasirika. Alisema Kezilahabi hakuwa na haki ya kumfanyia Rosa vile, kwamba angeweza kumpa hata mtu mmoja wa kumwelewa, kwamba sasa yeye atalala vipi. Nilimwambia huyo mtu mmoja ndiye aliyekosekana na ndiyo habari yenyewe. Akasema hiyo si sababu, mwandishi ana kalamu, angeweza. Tulibishana hadi abiria wake akapanda pikipiki nyingine. Mimi nasimama na Kezilahabi, yeye anasimama na Rosa, na sioni kama mmoja wetu atahama. Nikamuuliza kama aliwahi kusoma Takadini. Akasema ndiyo, shuleni, anakumbuka dhamira zake zote. Nikamwambia dhamira zikae, amwangalie yule mama barabarani. Kitabu anacho sasa, kimekaa chini ya kiti cha pikipiki pamoja na koti la mvua, na kila akishusha abiria ananipigia kelele ameishia wapi.